Sura ya Nne: Kaye ya Salongo

Mwanaume aliyeshitakiwa wizi wa kaye, daftari la Komite ya Maji, aliingia katika biro ya OPJ Bibiane saa mbili ya asubuhi. Alipangusa miguu mara mbili mlangoni, akavua kofia, na kabla ya kuulizwa lolote akauliza yeye.

"Jambo, Mama OPJ. Na ule mbwa yako ya sikio moja, angali muzima?"

Bibiane aliacha bic hewani. Miaka kumi na minne ya upelelezi katika polisi ya Bunia ilikuwa imemfundisha jambo moja: mtu anayejua mbwa wako anajua pia mlango wako unafungwa namna gani. Aliandika pembeni mwa karatasi, "anajua mbwa", akapiga mstari chini yake.

"Jina?"

"Félicien."

"Unatoka wapi?"

"Djugu. Nilikala mu kamp ya bakimbizi miaka ine. Sasa niko na parcelle, kiwanja yangu, kule juu, mu lotissement mupya nyuma ya mutaa ya Saio. Matofali ni mubichi, lakini mabati ni mupya." Alisema neno mabati kama mwingine anavyotaja mtoto aliyefaulu shuleni.

"Juzi, siku ya ine, ulisimama mbele ya biro ya Komite ya Maji, ukapiga kelele: 'Ile kaye itasema!' Jana jioni, siku ya tano, kaye haiko. Sasa imesema nini?"

"Haiyasema kitu, Mama. Njo maana siwezi kuiiba. Mutu anaiba shahidi yake mwenyewe?"

"Bezi banaiba ata Biblia."

"Bale banajua kusoma."

Askari aliyekuwa mlangoni alicheka, kisha akakohoa ili ionekane ni kikohozi. Bibiane hakucheka. Aliuliza kaye ingesema nini kama ingekuwako.

"Leo saa tisa Komite inapanga bei ya kuingiza maji kwa siye bapya," Félicien alisema. "Kaye ikikosa, miye ni mupya kama bengine. Cent vingt dollars! Dola mia moja na makumi mbili! Mama, ile ni mabati yangu yote. Niuze mabati niweke robine, halafu mvua ikinyesha nitakuwa na maji ya chini na maji ya juu. Kaye ikikuwako, itasema nilichimba ile mutaro ya maji."

"Jina yako iko ndani?"

Aliangalia miguu yake, ingawa ilikuwa safi.

"Jina haiko. Kidole iko."

"Kidole ya namna gani isiyo na jina? Sema vizuri."

"Nitasema mbele ya kaye. Bila kaye, nitakuwa mutu anatukana bakubwa." Alimtazama Bibiane kidogo, akarudisha macho chini. "Na bamama pia."

Bibiane aliona hiyo kuwa ujanja. Alimsomea maneno yake, akamsogezea kibweta cha wino, na Félicien akaweka kidole gumba chake cha kuume chini ya karatasi. Kidole kilikuwa na kovu la panga lililopita katikati, hata alama yake ikatoka vipande viwili, na njia nyeupe kati yao. Bibiane aliipuliza ikauke. Kisha akaagiza mtu arudishwe kasho, kwenye mahabusu ya polisi.

"Mbwa umusalimie," alisema Félicien akiondoka.

*

Biro ya Komite ya Maji ni chumba kimoja chini ya tanki. Kuna meza, kalenda ya mwaka uliopita, na sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Ndani ya sanduku hilo ndimo kaye ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ilimokuwa ikilala: daftari nene lenye mgongo mwekundu, ambalo ndani yake kila mtaro uliochimbwa mtaani umeandikwa.

Katibu Donatien alimpokea Bibiane akiwa amevaa tai. Alifanya kazi ya posta miaka thelathini, na hata leo akikupa karatasi ungetafuta mahali pa kubandika tembre.

Bibiane alipiga magoti mbele ya sanduku. Lilikuwa tupu, lakini kufuli zote mbili zilikuwa zimefungwa vizuri mpaka Donatien alipofungua yake mbele ya macho yake, na ile ya pili ikafunguliwa kwa ufunguo ulioletwa na mtoto wa Président wa Komite. Alipitisha ukucha kwenye bawaba. Kutu ilikuwa nzima. Aligeuza sanduku, akapiga chini yake kwa ngumi. Hakuna tundu, hakuna mkwaruzo.

"Funguo ni ngapi?"

"Mbili. Moja yangu. Ingine..." Mdomo wa Donatien ulipinda kama aliyelamba kwinini. "Ya ule Président."

Saio nzima inajua habari hiyo. Tangu uchaguzi wa Komite, Donatien na Muzee Gaspard, ndiye huyo Président, hawasalimiani. Mmoja akienda kanisani kwa njia ya juu, mwenzake anashika ya chini, na wote wawili wanafika wamechelewa. Ndiyo sababu watu waliweka kufuli mbili: asiwepo wa kufungua peke yake.

"Sasa mwizi aliingia namna gani, Papa Donatien?"

"Mama OPJ, bale batu ya kamp bako na dawa ya kufungua vyuma."

"Dawa ya kufungua kufuli mbili, halafu kuzifunga tena mbili? Ule haiko mwizi. Ule ni mutu alilelewa vizuri."

Donatien alirekebisha tai. Bibiane aliketi na kumwomba amweleze bei, maana yeye anakunywa hayo maji lakini hakuwahi kuuliza yanaingiaje.

Hapo katibu alipata uhai. Kuingiza maji kuna vipande vitatu, alisema. Cha kwanza, tiyo, yaani bomba, kutoka barabarani mpaka kwako: kila mtu analipa urefu wake. Cha pili, compteur ya kuhesabu maji. Cha tatu ni haki ya mutaro. Miaka miwili iliyopita, kila siku ya posho, yaani Jumamosi, mtaa ulichimba mutaro kutoka chemchemi mpaka tanki. Kila parcelle ilipewa metre tatu kila posho, kwa posho kumi na moja. Nyumba iliyochimba haidaiwi haki ya mutaro. Nyumba ambayo haikuchimba inailipa.

"Na juu ya nini cent vingt?"

"Tanki ilijengwa kwa nyumba mia mbili. Ukiongeza makumi sita, inaomba tanki ingine. Nani atailipa? Siye tulitoka jasho. Mupya asikute tu chakula kwa meza."

"Ni haki," alisema Bibiane, na alimaanisha. "Na ukimaliza metre zako tatu, nani anaandika?"

"Miye. Napima na fimbo, naita parcelle, ule aliyechimba anaweka kidole ao signature. Nyumba njo inaitwa. Haiitwe mutu. Ukishindwa kuja, unatuma mutu. Salongo iko vile tangu zamani."

Alisema hayo haraka, na tangu aanze kuyasema hakumtazama Bibiane machoni. Bibiane aliona, akaandika. Alichokiandika zaidi ni maneno yale ya dawa ya kufungua vyuma.

*

Muzee Gaspard, Président wa Komite, ni mtu wa adabu za zamani. Mtaani wanasema anasimama hata kwa kuku. Akipita muuza ndizi, anasimama. Jeneza la mtu asiyemjua likipita barabarani, anasimama na kofia mkononi mpaka lipotee kwenye kona. Watoto wa shule hupita kwake mara mbili kwa makusudi.

Siku hiyo Bibiane aliingia kwenye baraza lake, na Muzee hakusimama.

"Karibu, mutoto yangu. Miguu," alisema, akipapasa magoti. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki chenye mto uliofumwa na mke wake, Mama Kaswera, nyuzi za kijani na njano.

"Pole, Muzee. Jana ulikuwa biro ya Komite saa ngapi?"

"Sikukuwako."

"Ufunguo yako ilikuwa wapi?"

"Mu mufuko."

"Basi kaye ilitoka namna gani?"

Muzee Gaspard alitazama mbali, upande wa tanki. "Mutoto yangu, bale batu ya kamp bako na dawa ya kufungua vyuma."

Bibiane alirudi nyuma kurasa mbili katika maandishi yake. Neno kwa neno. Wazee wawili ambao tangu uchaguzi hawajapeana hata "jambo" walikuwa wamepata mahali pa kupeana sentensi nzima. Mahali hapo hapakuwa pengine ila mbele ya sanduku, kila mmoja na ufunguo wake.

Mvua ya Bunia haiombi ruhusa. Ilianza kwa matone makubwa juu ya mabati, kisha upepo ukaisukuma ndani ya baraza. Bibiane alisogeza kiti chake ukutani. Muzee alibaki palepale, maji yakimpiga bega la kushoto.

Mama Kaswera alitokea na chai. "Muzee! Unalowana na unaangalia tu!"

"Mvua ni baraka."

"Baraka gani kwa mutu ya miaka makumi saba?" Alimgeukia Bibiane, akashusha sauti lakini si sana. "Tangu jana jioni hasimami. Chakula nilimuletea hapo hapo. Kulala, alienda na mto ku tako kama mwanamuke na kitenge. Nilisema labda ni ile ugonjwa ya bazee inakamata chini. Niliona haya kuuliza."

"Kaswera!" alisema Muzee.

"Nasema tu. Mama OPJ ni mwanamuke mwenzangu."

Bibiane aliweka kikombe chini. Kumwambia mzee wa kanisa "ondoka nitazame ulichokalia" lisingekuwa jambo la kusameheka Saio, hata kwa mwenye cheo. Alifunga kaye yake mwenyewe, akaweka bic mfukoni.

"Muzee, naenda. Lakini kazi yangu ni nzito. Mbele niende, utuombee."

Muzee Gaspard alimtazama mpelelezi, akamtazama mke wake, akatazama juu. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwita Mungu akiwa ameketi. Mama Kaswera alikuwa amekwisha kusimama, mikono imefumbatwa, macho yamefungwa.

Mzee alisimama. Polepole, kama mtu anayeng'olewa.

"Baba yetu uliye mbinguni..."

Polisi hufumba jicho moja tu. Bibiane aliinama, akainua mto wa kijani na njano, na chini yake palikuwa na mgongo mwekundu. Alichukua kaye, akarudisha mikono yake mbele, akangoja. Muzee aliomba mpaka mwisho bila kuruka neno, ila kwenye "utusamehe makosa yetu" sauti ilikatika, ikabidi aanze upya.

"Amina," alisema Bibiane.

*

Aliifungua palepale, juu ya magoti, akiwa bado na furaha ya kazi. Mama Kaswera alikuwa ameingia ndani, na mlango ulifungwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ukurasa wa posho ya kwanza. Parcelle, metre tatu, alama. Signature, signature, kidole. Kisha kidole kilichokatwa vipande viwili, na njia nyeupe kati yao. Mbele ya parcelle ya kwanza, ya Muzee Gaspard. Tena mbele ya parcelle ya sita, ya Donatien. Tena ya kumi na mbili. Tena. Posho ya pili, mara saba. Posho ya tano, mara tisa. Mtu mmoja, metre makumi mbili na saba kwa siku moja.

"Parcelle ngapi?" aliuliza.

"Dix-neuf, kumi na tisa," alisema Muzee. Alikuwa bado amesimama kwenye mvua. "Hakuna mutu aliiba, mutoto yangu. Sheria inasema tuma mutu. Siye tulituma. Unamupa sahani ya chakula, anachimba. Lakini bote tulituma ule ule mumoja. Sikujua ya Donatien, na bengine habakujua yangu. Ila Donatien alikuwa anapima, yeye njo alijua ya bote. Siku ya ine ule mutu alisema kaye ifunguliwe mbele ya batu. Donatien alinikujia hapa. Mara ya kwanza tangu uchaguzi."

"Aliogopa nini?"

"Ikiwa kidole ni ya mutu, basi siye hatukuchimba. Na asiyechimba analipa cent vingt. Siye njo tuliandika ile cent vingt."

"Na mukanifanya nifunge mutu hana kosa. Juu ya nini hamukuitupa, hamukuichoma?"

"Donatien alishindwa kuchoma karatasi ya muhuri. Miye nilishindwa kutupa jasho ya mutu." Alifuta maji usoni. "Niliona afazali niikalie."

Bibiane aligeuza ukurasa, na kwa kuwa alikuwa akihesabu, kidole chake kilishuka mstari kwa mstari hadi arbaini na saba.

Parcelle arbaini na saba ina kipande cha ukuta wa rangi ya bluu, mti wa parachichi, na mbwa mwenye sikio moja.

Vipande viwili, njia nyeupe kati yao. Posho ya kwanza, posho ya pili. Aligeuza mpaka ya kumi na moja. Hakuna hata moja iliyokosa.

"Tulikuwa tunakuficha na weye," alisema Muzee Gaspard kwa upole. Upole huo ndio uliochoma.

Mwaka ule Bibiane alikuwa na zamu kila posho. Alisema nyumbani, tafuteni mutu. Akatafutwa. Aliona mgongo wa mtu huyo tu, ndani ya mutaro, na mbwa amelala juu ya udongo kando yake. Posho ya kwanza aliweka sahani ya maharagi juu ya ukuta, akaita: "Weye ya kamp! Chakula!" Posho zilizofuata, kazi ilikuwa nyingi. Mbwa alikuwa akipewa makombo kila siku. Yule mtu hakuulizwa jina.

Aliuliza leo, saa mbili ya asubuhi, ili kujaza karatasi.

Bibiane alitoa bic. Kwenye ripoti yake alifuta "anajua mbwa", lakini wino ulikuwa umekolea na maneno yakabaki yanasomeka. Chini ya majina ya mashahidi, baada ya Donatien na Gaspard, aliandika jina lake mwenyewe, na namba ya parcelle.

"Vaa koti, Muzee. Saa tisa itatukuta hapa."

*

Mkutano ulifanyika chini ya tanki. Nyumba za zamani zilikaa kwenye viti, nyumba mpya zilisimama. Félicien alifika na Bibiane. Hakuwa na pingu, na hapo watu wakaanza kunong'ona.

Bibiane alieleza mambo kwa maneno machache, kama anavyosoma ripoti. Kisha akaweka kaye mezani, na kando yake karatasi ya asubuhi yenye kidole, ili anayetaka kulinganisha alinganishe.

Donatien aliombwa asome. Alirekebisha tai, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Parcelle ya kwanza."

Muzee Gaspard alisimama. Alivua kofia. "Absent," alisema. "Sikukuwako."

"Parcelle ya sita." Katibu alisoma namba yake mwenyewe, akangoja, kama anayetumaini mwingine ataitika. "Absent," alijijibu.

Ya kumi na mbili. Ya kumi na tano. Wengine walisimama wakitazama chini, wengine walitaka kueleza habari za mgongo na za malaria, lakini Donatien aliita namba inayofuata.

"Parcelle arbaini na saba."

Mtaa mzima uligeuka. Wanawake aliowahi kuwafokea juu ya foleni ya bidon za maji. Vijana aliowahi kuwafunga. Askari wake.

"Absent," alisema Bibiane. "Posho zote kumi na moja." Akasema tena kwa waliokuwa nyuma. "Zote."

Baada ya wa kumi na tisa kuketi, Mama Kaswera aliuliza kwa sauti ya sokoni: "Basi ile cent vingt, siye bakubwa tunaanza kuilipa lini?"

Na hapo, mimi naeleza tu yaliyotokea, bei ilishuka kutoka kilimani haraka kuliko hata maji. Mmoja alisema mia ni nyingi. Mwingine alisema tanki ya pili haina haraka. Mwingine alikumbuka kwamba bapya nao wana mikono, wanaweza kuchimba posho zao wenyewe. Kabla mvua haijarudi, haki ya mutaro ilikuwa dola makumi tatu, ao salongo, kwa wapya na kwa wale kumi na tisa sawasawa. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyemtazama mwenzake pia.

"Na Papa Félicien?" aliuliza Bibiane.

"Haki yake ni ya nyumba kumi na tisa," alisema Muzee Gaspard. "Hata akijenga mtaa muzima, asiilipe."

Donatien alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula, akaandika kwa mwandiko wa posta: Félicien, lotissement mupya, amechimba. Hakuandika namba ya parcelle mbele. Akageuza kaye, akafungua kibweta cha wino.

Félicien alikuja mbele. Alipangusa kidole kwenye suruali, akakichovya, akakishusha karibu na karatasi. Kisha akakiacha hewani. Alimtazama Donatien, akamtazama Muzee, na mwisho akamtazama Bibiane. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama alivyozoea kuuliza kila posho, kila baada ya metre tatu.

"Hii naweka ya nani?"